Mwenye kigugumizi aliyepewa viti vya enzi

Mwaka 1988 watazamaji wa sinema walimwona akiwa Jaffe Joffer, mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Kiafrika katika Coming to America. Alikuwa na ngozi ya simba begani, na malkia wake alikuwa Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaika. Miaka sita baadaye wawili hao walirudi kuwa mfalme na malkia, safari hii kwa sauti tu: yeye Mufasa, Sinclair Sarabi, katika katuni ya The Lion King. Filamu ile iliyojaa majina ya Kiswahili, Simba, Rafiki, Pumbaa, ilifika mpaka sebuleni kwetu, na watoto wengi waliokua miaka ile walimlilia Mufasa bila kujua jina la mtu aliyempa uhai.

Jina lake ni James Earl Jones. Alifariki dunia tarehe 9 Septemba 2024 nyumbani kwake katika jimbo la New York, akiwa na miaka 93. Tanzia nyingi zilianza na Darth Vader wa Star Wars, na hilo linaeleweka. Lakini kumkumbuka kwa Vader peke yake ni kumpunja. Kazi zake kubwa zaidi zilikuwa za watu wasio na kiti wala cheo, ambao aliwapa uzito uleule aliowapa wafalme.

Alizaliwa 17 Januari 1931 huko Arkabutla, Mississippi, kusini mwa Marekani, enzi ambazo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Baba yake, Robert Earl Jones, aliiacha familia mapema, akawa bondia na baadaye mwigizaji. Mtoto alilelewa na wazazi wa mama yake, ambao walihamia shambani Michigan, kaskazini, yeye akiwa na umri wa miaka kama mitano. Kuhama kule kulimvuruga. Akashikwa na kigugumizi kibaya kiasi kwamba aliacha kusema mbele za watu kwa karibu miaka minane. Aliongea na mifugo. Darasani alijibu kwa kuandika.

Aliyemtoa kwenye ukimya huo ni mwalimu wa sekondari katika mji mdogo wa Brethren, Donald Crouch. Kijana Jones alikuwa akitunga mashairi kwa siri, na safari moja alitunga la kusifia balungi, tunda ambalo majira ya baridi kule Michigan halikuwa jambo la kawaida. Aliiga mapigo ya mshairi Longfellow. Mwalimu akasema shairi ni zuri mno, na kama kweli ni lake, basi asimame alitamke kwa kichwa mbele ya wenzake. Kijana akasimama. Maneno yakatoka bila kukwama hata mara moja, na yeye ndiye aliyeshangaa kuliko wote.

Kigugumizi hakikumtoka. Alisema waziwazi hadi uzeeni kwamba bado anacho, na kwamba amejifunza kuyapita maneno yanayomkwamisha na kuchukua mengine. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo siri ya mamlaka yake. Besi wanayo waigizaji wengi. Jones alisema kila neno kama mtu aliyelipima kwanza, maana kweli alilipima, na msikilizaji alilazimika kumsubiri.

Chuo Kikuu cha Michigan aliingia akitaka kuwa daktari, akageukia sanaa za maonyesho. Alitumikia jeshi akiwa luteni, na katika ukumbi wa Ramsdell mjini Manistee alianza kwa useremala wa jukwaa kabla ya kuigiza Othello palepale mwaka 1955. Kisha New York, ambako aliishi na baba yake aliyekuwa amemjua ukubwani, wakasugua sakafu za kumbi ili wapate pesa ya kula.

Mwaka 1958 alipanda kwenye jukwaa la Broadway, ukumbi wa Cort, katika Sunrise at Campobello. Alikuwa mtumishi wa nyumba ya Roosevelt, mwenye kazi ya kutangaza kwamba chakula kiko tayari. Alisimulia mwenyewe kwamba alikwama kwenye herufi ya kwanza ya kumwita bibi mwenye nyumba.

Miaka kumi baadaye Broadway ilikuwa yake. Katika mchezo wa The Great White Hope alikuwa bondia Jack Jefferson, aliyetungwa kwa mfano wa Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa dunia wa uzito wa juu. Alinyoa kichwa, akajijenga misuli, na mwaka 1969 akapata tuzo ya Tony. Filamu ya mchezo huo ya 1970 ilimfanya mwanamume mweusi wa pili, baada ya Sidney Poitier, kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora mkuu. Mwaka 1972 akaigiza rais mweusi wa Marekani katika The Man, miaka 36 kabla Wamarekani hawajamchagua Obama.

Vader alikuja 1977. Mwili ulikuwa wa Mwingereza David Prowse. Mwongozaji George Lucas alitaka sauti nyingine, akamlipa Jones dola 7,000 kwa kazi ya saa chache. Jones alikataa jina lake kuandikwa katika filamu mbili za mwanzo, akisema mchango wake ni kama madoido ya kiufundi tu. Aliposoma mahali ambapo Vader anamwambia Luke, shujaa wa filamu, kwamba yeye ni baba yake, alidhani Vader anadanganya.

Sasa mtazame akiwa baba wa kweli jukwaani. Fences ya August Wilson ilifika Broadway mwaka 1987, Jones akiwa Troy Maxson, mzoa taka wa Pittsburgh ya miaka ya 1950. Troy alikuwa mchezaji hodari wa besiboli, lakini milango ya ligi kubwa ilipofunguliwa kwa weusi umri wake ulikuwa umekwenda. Kazini anadai haki ya kuendesha gari la taka, kwa sababu wazungu ndio madereva na weusi ndio wanyanyuaji wa mapipa. Nyumbani, mtoto wake Cory anamuuliza kwa nini hajawahi kumpenda. Troy anamsimamisha wima na kumhoji: hali kila siku? Hana paa, hana nguo? Hayo, anamwambia, ni wajibu wa baba, na kupenda hakumo. Sauti ileile iliyomfariji Simba hapa inamponda kijana, na wakati huohuo unasikia hofu ya mzazi anayejua dunia itamfanyia nini mtoto mweusi mwenye ndoto. Jones aliyashika yote mawili kwa pamoja, usiku baada ya usiku. Akapewa Tony ya pili.

Wasomaji wetu wanaopenda fasihi ya Afrika wamtafute pia katika Cry, the Beloved Country ya 1995, kutoka riwaya ya Alan Paton. Ni Mchungaji Kumalo, mzee wa kijijini Afrika Kusini anayekwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe na kumkuta na kesi ya mauaji. Hapo sauti inapungua, inasita, karibu inaomba radhi.

Oscar ya heshima ilimfikia mwaka 2011, alipokuwa London akicheza Driving Miss Daisy na Vanessa Redgrave. Mwaka 2015, na miaka yake 84, bado alikuwa Broadway na Cicely Tyson katika The Gin Game. Mwaka 2022 aliridhia kompyuta iitengeneze upya sauti ya Vader kutokana na rekodi zake za zamani. Mwaka huohuo ukumbi wa Cort ulibadilishwa jina, ukaitwa James Earl Jones.