Maji kwenye oili: somo kutoka mashine za pipa



Hivi karibuni nilipanda Mgeta kwa kazi zangu za ugani, nikapita kwenye mashine moja ya kusaga. Mwenyewe aliniambia kwa fahari kwamba injini yake haili oili: mwezi mzima hajaongeza hata kidogo, na kipimo kinazidi kupanda. Nikamwomba achomoe kijiti tukitazame. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Oili haizaliani. Kipimo kikipanda bila wewe kuongeza, kuna kitu kimeingia, ama dizeli ama maji. Rangi ile ni ya maji. Wazee walioendesha mashine za pipa wangeshtuka mapema, na sababu iko kwenye historia ya mashine zenyewe.

Mwaka 1929 kampuni ya Lister ya mji wa Dursley, Uingereza, ilitoa injini ya dizeli ya silinda moja iliyozunguka mara 600 na kitu tu kwa dakika. Haikuhitaji pampu ya maji. Pembeni palikuwa na pipa: maji yaliyopata moto yalipanda yenyewe hadi juu ya pipa, ya baridi yakashuka kuingia kwenye injini. Baadaye viwanda vya Rajkot, India, viliiga injini hiyo, na mlio wake wa taratibu ukajulikana vijijini kote Afrika Mashariki.

Hapa kwetu, watu walipokusanywa vijijini miaka ya 1970, mashine ya kusaga ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotakiwa sana, pamoja na shule, zahanati na maji. Iliwapumzisha akina mama kinu na mchi. Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta ikapanda duniani. Fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri navyo vikaadimika. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa mali, na ukiiunguza mashine inalala. Mwendeshaji alilazimika kuugundua ugonjwa ukiwa bado mdogo.

Mashine ilimsaidia. Pipa lilikuwa wazi, hivyo moto wa silinda ukipenya kwenye maji, mapovu yalionekana. Lakini maji ya pipa hupungua kila siku kwa mvuke, kwa hiyo kupungua kwake hakukumwambia kitu. Ilimbidi aangalie oili kila asubuhi.

Kuanzia 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na injini za aina nyingi zikaingia, zikiwemo za kasi kubwa zenye rejeta ya kufungwa. Ni nzuri, ila zimeficha maji. Mapovu huyaoni, na wengi tumeiacha tabia ya asubuhi. Tuirudishe hivi:

1. Injini ikiwa imesimama pahala tambarare, pima oili kabla ya kuwasha. Angalia rangi na kiwango.

2. Ukiwa na shaka, iache ilale usiku mzima. Asubuhi legeza taratibu nati ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, hivyo yatatangulia kutoka.

3. Kama vimeshachanganyika kabisa havitatengana. Dondosha tone moja la oili kwenye bati la moto, mbali na dizeli na uso wako. Likichachatika na kurukaruka, lina maji.

4. Kwenye rejeta ya kufungwa, maji yakipungua na huoni panapovuja nje, hiyo nayo ni dalili. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

Usikimbilie kuvunja injini kwa povu jeupe kwenye kifuniko cha oili peke yake. Kwa baridi ya Nyandira, injini inayosaga debe moja na kuzimwa hutoa jasho ndani. Kama kijiti ni safi, iache ifanye kazi hadi ipate moto vizuri, kisha angalia tena.

Maji yakithibitika, usiwashe tena hata kwa debe moja. Oili yenye maji haibebi uzito, na beringi zitakwisha. Hapo kumbuka jambo jingine la Lister: ilikuwa na mlango pembeni mwa tumbo la injini. Fundi alimwaga oili, akaacha maji kwenye mfumo, akafungua mlango na kumulika ndani kuona tone linatoka wapi. Kwenye injini yako fundi atafungua sampu chini. Tone likitoka chini ya laina, shuku mipira ya laina au ufa. Pakiwa pakavu, shuku gasketi, na hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka kabla ya kufungwa mpya. Baada ya matengenezo badilisha oili na chujio.

Na maji ya baridi yasimwagwe kwenye injini iliyochemka. Hedi nyingi zimepasuka hivyo.

Yule ndugu wa Mgeta alizima siku ileile. Mipira ya laina ilikuwa imechoka, beringi bado zilikuwa nzima. Wewe kesho asubuhi, kabla ya debe la kwanza, chomoa kijiti.