Katibu Muhtasi Aliyetaka Faragha

Katikati ya miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, katibu muhtasi mmoja aliketi mbele ya mashine ya kuchapia iliyounganishwa na kompyuta. Baada ya kuandika mistari michache tu, alimgeukia bosi wake, Joseph Weizenbaum, akamwomba atoke chumbani.

Programu aliyokuwa akizungumza nayo iliitwa ELIZA. Weizenbaum ndiye aliyeiandika, na katibu alilijua hilo. Alikuwa amemwona akihangaika nayo kwa miezi mingi. Haikuelewa lolote. Ilidaka maneno yako na kukurudishia kama maswali, ikiiga matabibu wanaofuata njia ya Carl Rogers. Ukimtaja mama, inakuomba ueleze zaidi kuhusu familia yako. Basi.

Mwaka 1966 daktari wa akili Kenneth Colby na wenzake waliandika kwamba mfumo wa namna hii, ukishakamilika, ungeweza kuhudumia mamia ya wagonjwa kwa saa moja na kuzisaidia hospitali zenye uhaba wa matabibu. (Hoja hiyo tunaisikia hadi leo.) Weizenbaum, Myahudi ambaye familia yake ilikimbia utawala wa Wanazi mwaka 1936, alishtuka. Katika kitabu chake cha 1976 alishikilia kwamba ziko kazi ambazo kompyuta haipaswi kupewa, hata kama inaziweza.

Namwelewa. Ila nadhani alimhukumu katibu wake haraka mno. Mwaka jana, nikiwa katikati ya tasnifu, nilipita mara tatu mbele ya ofisi ya ushauri nasaha bila kuingia. Benchi la kusubiria liko koridoni, na kila apitaye anakuona. Saa nane usiku nikaiandikia programu ya simu. Nilijua si mtu, na hilo ndilo lililonipa ujasiri.

Kuna kisa kingine katika kitabu hichohicho, kisichosimuliwa sana. Weizenbaum alipendekeza kuyahifadhi mazungumzo ya watu na ELIZA ili ayapitie baadaye. Alishambuliwa papo hapo: huo ni upelelezi, walimwambia, unachungulia siri za mioyo yetu. Mashine haikuwatisha. Aliyewatisha ni msomaji aliye nyuma yake.

Mimi masharti ya programu yangu niliyakubali bila kuyasoma. Niliyoyaandika usiku ule yamehifadhiwa mahali fulani, sijui nchi gani, na sijui nani ana ruhusa ya kuyafungua. Mlango wa chumba changu nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo.