Roma Haikuogopa Divai

Nikitaja Dionysus, wengi wenu mnafikiria mlevi tu. Mungu wa divai, ngoma, watu chakari, basi. Mimi pia nilidhani hivyo. Niliacha chuo, kwa hivyo haya nimejisomea usiku kwa simu. Kumbe kule Athens tamthilia zao kubwa zilichezwa kwenye sikukuu yake. Huyo sio mungu wa baa.

Sasa twende Roma, walikomwita Bacchus. Mwaka wa 186 kabla ya Kristo, Seneti iliwashukia wafuasi wake Italia nzima. Mwanahistoria Livy anasema waliohusishwa walipita watu 7,000, na waliouawa walikuwa wengi kuliko waliofungwa. Wanawake wengine walikabidhiwa jamaa zao wawaadhibu nyumbani. Anasimulia ulevi, ngono na mauaji usiku. Lakini Livy alizaliwa zaidi ya miaka 100 baada ya hayo, so usimeze kila kitu.

Kuna ushahidi mwingine: amri yenyewe ya Seneti, imechongwa kwenye bamba la bronzi. Lilipatikana kusini mwa Italia mwaka wa 1640 na leo liko Vienna. Nilitafuta humo neno divai. Halimo. Kilichopigwa marufuku ni hiki: wanaume kuwa makuhani, kikundi kuwa na hazina ya pamoja, watu kula kiapo pamoja, ibada za siri. Ukitaka kukutana, omba ruhusa, na maseneta wasiopungua 100 wawe kikaoni. Hata ukiipata, msizidi watano: wanaume wawili, wanawake watatu.

Soma tena hiyo orodha. Pesa za pamoja, viongozi, kiapo. Hicho ni chama, manze! Tena chama kilichochanganya watumwa na mabwana, wanawake na wanaume, na Livy anadai walikuwa wakisajili vijana wa chini ya miaka 20 pekee. Mimi na miaka yangu 22 ningefungiwa nje.

Sisemi hawakukosea kitu. Pengine kuna waliofanya maovu kweli. Lakini mtu akiua, mshtaki kwa kuua. Kwa nini uhesabu watu chumbani?

Ndio maana nikisikia mkubwa yeyote akilia kwamba vijana wanapotoshwa na pombe na starehe, kwanza nauliza kitu kimoja: amri yake inakataza chupa, ama inakataza tukutane?