Kobe huenda mwendo gani, na kwa nini ni mzito?

Msimu wa kuchoma mashamba ukifika, kobe hawezi kuukimbia moto. Tuone mwendo wake wenyewe.

Mwaka 1835, katika visiwa vya Galápagos, Charles Darwin alimpima kobe mkubwa: yadi 60 kwa dakika 10, yaani kama mita 330 kwa saa. Kobe Bertie wa Uingereza aliweka rekodi ya dunia mwaka 2014, takriban mita 5 na nusu kwa sekunde 20. Hiyo ni kilomita moja kwa saa. Mtu anayetembea kawaida humwacha mbali.

Wengi husema kobe amebeba nyumba. Sisi tunasema gamba ni mwili wake: mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, hivyo kiwiliwili hakipindi. Miguu hutokea ubavuni, hatua zikawa fupi. Misuli yake hujikunja polepole, ila hutumia nguvu kidogo, ndiyo maana huvumilia kiangazi kwa chakula haba. Tena hutegemea jua kupata joto. Asubuhi ya baridi huwa mzito zaidi.

Yupo kobe wa miambani, wa Kenya na Tanzania, mwenye gamba bapa na jepesi. Huyo akishtuka hukimbilia ufa wa jiwe, na ni mwepesi kweli.

Tunawaomba mkague vichaka kabla ya kuwasha moto. Mkimkuta kobe barabarani, mvusheni upande anaoelekea, taratibu: akiogopa hukojoa, na maji hayo ndiyo akiba yake ya kiangazi.