Mkono wa Nyanya

Kwenye albamu yetu ya familia kuna picha ya mama yangu akiwa mtoto mchanga. Ilipigwa 1964, katika studio moja ya Mombasa. Amevalishwa gauni jeupe, ameegemezwa mto, anatazama pembeni. Lakini ukiangalia vizuri, pale leso inapoishia, kuna vidole vinne vimeshika ubavu wake. Ni vidole vya nyanya. Mpiga picha alimwambia ainame ajifiche, eti picha ni ya mtoto.

Nilidhani ni vituko vya studio ile tu. Kumbe mambo haya ni ya kale.

Upigaji picha ulipotangazwa Paris mwaka 1839, kupata sura moja kulichukua dakika nzima, hata zaidi. Watu wazima waliwekewa chuma nyuma ya shingo wasitikisike. Sasa mtoto mchanga utamwekea nini? Uingereza na Marekani walipata jibu: mama. Alifunikwa shuka au pazia gubigubi, akakaa kama kiti, na mtoto akawekwa mapajani pake. Zipo picha nyingi za karne ya 19 ambamo mtoto ametulia tuli, na nyuma yake kuna kitu kama mzuka. Huyo ndiye mzazi. Mwanga ulikuwa haba, na aliyelipia uhaba huo ni mama.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesi na kemikali nyingine, wakapata mwanga mkali wa ghafla. Shida ni kwamba unga ule ulilipuka, ukatoa moshi, na ukaunguza watu. Hebu fikiria hilo kando ya kitanda cha mtoto! Karibu na 1930 zikaja balbu zisizo na moshi, lakini kila moja iliwaka mara moja tu, ikatupwa. Kisha, miaka hiyo hiyo ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, akaendeleza flashi ya umeme: chaji inahifadhiwa, halafu inaachiliwa kwa mpigo ndani ya mrija wa gesi. Inawaka, inazima, inawaka tena.

Flashi iliyo kwenye begi langu hufanya kazi vivyo hivyo. Nikiipunguza nguvu, mmweko wake hauchukui hata 1/1000 ya sekunde. Mtoto arushe mikono, apige chafya, picha itatoka safi tu.

Mwezi uliopita dada yangu alijifungua. Nikapanda basi la usiku kutoka Nairobi, na begi langu. Nyanya, ambaye sasa haoni vizuri, alisikia nikifungua stendi akauliza, “Hiyo taa yako si itamharibu mtoto macho?”

Nikamwambia madaktari wa macho husema mmweko wa kamera hauharibu macho ya mtoto. Hakuridhika. Basi nikamshika mkono, nikamwelekeza kwenye ukuta mweupe. “Taa haimtazami mtoto, nyanya. Inapiga ukuta, ukuta ndio unaomwangazia.” Na ndiyo siri yote ya kazi hii nyumbani. Flashi tupu ni kijitundu kidogo cha mwanga, huacha vivuli vikali. Ukuta mzima, au mwavuli mweupe, ni kama dirisha kubwa: vivuli vinalainika. Halafu mwanga utoke upande wa kichwa kuteremka miguuni, usitoke kidevuni kwenda juu, maana huo humfanya hata malaika aonekane jini.

Nikapiga moja ya kujaribu. Mtoto akapepesa macho, akaendelea kulala.

Dada akanyanyuka apishe. “Nitoke, au sio? Nimechoka, sijachana hata nywele.” Nyanya ndiye aliyemjibu, polepole: “Kaa hapo. Mimi nilijificha. Sina picha nyingine ya ujana wangu, ni ule mkono tu.”

Chumba kikanyamaza. Miaka yote nimeiangalia picha ile, sikuwahi kumuuliza. Flashi ya umeme ilikuwepo tangu kabla ya 1964. Hapo mjini palikuwa na studio hodari kama ya N. V. Parekh, iliyoanza miaka ya 1940. Teknolojia haikuhitaji tena mama afichwe. Ni mazoea tu yaliyobaki.

Dada akakaa. Leso begani, nywele vile vile, mtoto kifuani. Nikamwomba nyanya naye asogee, aweke mkono wake juu ya mguu wa mtoto. Nikarudi nyuma hatua tatu ili nyuso zote ziingie.

Hatujaiweka mtandaoni. Nyanya amesema tungoje arubaini iishe, kuna macho ya watu. Lakini yake nimeshaisafisha, kubwa, na ameitundika sebuleni. Kila mgeni akija anauliza, “Naonekana?”