Leseni ya udereva: nusu karne ya kukagua kadi

Singida Mjini ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Nzega, inayopitisha mabasi ya Mwanza na malori ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, hukutana hapa na ile inayoelekea Arusha kupitia Babati. Trafiki anayesimamisha gari katika mji wa namna hii hamjui dereva aliye mbele yake: jana alikuwa Kahama, kesho atakuwa Morogoro. Ndiyo maana historia ya leseni za udereva nchini inaeleweka vizuri ikitazamwa kutoka hapa. Sheria imejua siku nyingi kumkataza mtu asiendeshe. Ilichokosa ni njia ya kumtambua aliyekatazwa akiwa ugenini, na nia ya kumfuata yule aliyemkabidhi ufunguo.

Udhaifu huo haukuanzia kwetu. Uingereza ilipotunga sheria ya magari mwaka 1903, leseni ilipatikana kwa kulipa shilingi tano tu, bila mtihani wowote. Mtihani haukuwa wa lazima hadi Juni 1935. Kwa zaidi ya miaka thelathini, basi, leseni ilithibitisha kwamba mtu amelipa, si kwamba anajua kuendesha. Tanganyika ilirithi utaratibu wake wa barabarani kutoka kwa watawala hao hao. Baada ya uhuru Bunge lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, ambayo ndiyo msingi hadi leo. Inamtaka dereva awe na leseni ya daraja la chombo anachoendesha, inaipa mahakama uwezo wa kumwondolea sifa ya kuwa na leseni aliyetiwa hatiani, na haimwachi mmiliki anayeruhusu asiye na leseni kushika usukani. Kwa maandishi, hakuna kikubwa kilichopungua.

Pengo lilikuwa katika utekelezaji. Leseni ya karatasi ilighushiwa kwa urahisi, na aliyefungiwa mkoa mmoja aliweza kujaribu bahati yake mkoa mwingine. Mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutoa kadi mpya inayofungamana na alama za vidole na namba ya mlipakodi. Mwaka 2019 muda wake ukaongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapanda kutoka Sh40,000 hadi Sh70,000. Kughushi kukawa kugumu zaidi. Hata hivyo kadi iliyomo mfukoni haibadiliki siku hakimu anapotoa hukumu. Chuo kinafundisha, polisi wanatahini, Mamlaka ya Mapato inatoa kadi, mahakama inafungia, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inashughulika na madereva wa biashara. Taarifa ya mmoja isipomfikia mwingine siku hiyo hiyo, aliyefungiwa atapunga kadi yake na kuruhusiwa kwenda.

Yaliyotokea mwaka 2015 yanaonyesha upande wa pili wa tatizo. Serikali ilitaka madereva wapitie mafunzo kila wanapohuisha leseni. Aprili 10 mabasi yakasimama, abiria wakakwama vituoni, mgomo ukarudi mapema Mei, na sharti likaondolewa. Wengi walisema madereva hawataki sheria. Lakini miongoni mwa madai yao yalikuwa mikataba ya ajira. Dereva asiye na mkataba alitakiwa kugharamia mwenyewe masomo yatakayomnufaisha mwenye basi. Usimamizi unaomtwika dereva kila kitu na kumwacha bosi pembeni hauwezi kudumu, na pia unasahau kwamba mmiliki ndiye rahisi zaidi kupatikana, kwa kuwa gari lake lina namba na lina usajili. Kwa hiyo hatua ya LATRA kusajili madereva wa mabasi na kuwapa kitufe cha utambuzi kinachounganishwa na mfumo wa kufuatilia mabasi ina uzito. Basi lenyewe linaacha kumbukumbu ya aliyeliendesha, na deiwaka asiye na sifa hawezi kujificha nyuma ya kadi ya mwenzake.

Kitufe hicho hakimfikii bodaboda, na hapo ndipo pingamizi kubwa hutolewa: vijana ni maskini, pikipiki ni ajira, kuwabana ni kuwanyang'anya mkate. Mwaka 2021 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi humu humu Singida, alitangaza kushusha faini za bodaboda na bajaji kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa kosa. Nafuu hiyo ina ubinadamu, ila faini ikiwa ndogo kuliko ada ya chuo na leseni kwa pamoja, hesabu inamshauri kijana asubiri kukamatwa. Jibu ni kutenganisha makundi mawili ambayo vizuizi vya barabarani huyachanganya. Asiyewahi kupata leseni anahitaji mlango: mafunzo ya bei nafuu karibu na kijiwe chake, kisha adhabu akikataa kuingia. Aliyefungiwa na mahakama alishapita mlangoni, akahatarisha watu, ukafungwa. Kumtoza faini na kumwachia ni kuifuta hukumu kwa stakabadhi.

Wengine wanahofia kwamba ukaguzi zaidi utazaa rushwa zaidi. Hofu hiyo ina msingi pale ukaguzi unapokuwa mazungumzo ya watu wawili kando ya lami. Inapungua sana trafiki anapolazimika kuingiza namba ya leseni kwenye mfumo unaobaki na saa, mahali na jina lake, na ambao mahakama imeshaandika ndani yake nani amefungiwa hadi lini. Mfumo huo uwe mmoja kwa taasisi zote. Na kila dereva asiye na leseni au aliyefungiwa anapokamatwa Singida, swali la pili liwe nani alimpa chombo. Sheria ya 1973 ilishatoa ruhusa ya kuliuliza. Kinachodaiwa sasa ni kumfikisha mmiliki huyo mahakamani.