Mamluki au Kampuni Binafsi ya Kijeshi?

Mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Waromania zaidi ya 280 waliokuwa wakifanya kazi upande wa serikali ya Kongo walisalimu amri. Walivushwa mpaka hadi Gisenyi nchini Rwanda, wakapelekwa Kigali na kupandishwa ndege kurudi kwao. Vyombo vya habari vya Kiswahili viliwaita mamluki. Kinshasa ilishikilia kwamba walikuwa wakufunzi. Wao wenyewe walikuwa na mkataba wa ajira mkononi, kama mhasibu au dereva wa lori.

Neno mamluki limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa miliki na milki. Mamluk alikuwa mtu wa kumilikiwa: kijana aliyenunuliwa, akafunzwa vita, akampigania bwana wake. Huko Misri watu hao walipanda hadi wakaitawala nchi, kuanzia 1250 hadi 1517. Kiswahili kilipolipokea neno kiliuacha utumwa. Mamluki wetu hanunuliwi, hukodiwa. Na si wa vitani tu: shule inayochezesha kijana wa mtaani kwa jina la mwanafunzi imeingiza mamluki, na mwanachama anayedhaniwa ametumwa na chama pinzani naye ni mamluki. Popote utakapolikuta, neno hili linashutumu.

Shutuma hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya Kongo. Mwaka 1964 Waziri Mkuu Moïse Tshombe alimleta Mike Hoare na kikosi chake cha Wazungu kupambana na waasi wa Simba. Miaka mitatu baadaye wengine wa aina hiyo, wakiongozwa na Mbelgiji Jean Schramme, waliigeuka serikali iliyokuwa ikiwalipa, wakaishikilia Bukavu kwa takriban miezi mitatu, kisha Novemba 1967 wakakimbilia Rwanda. Njia ya kuvukia Rwanda, basi, haikuwa ngeni. Januari 1977 mamluki Mfaransa Bob Denard akavamia Cotonou, Benin, akashindwa, na Julai mwaka huohuo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukapitisha mjini Libreville mkataba wa kukomesha umamluki barani.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo kumtambua mamluki kungekuwa rahisi. Kifungu cha 47 cha Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka huohuo wa 1977, kinaweka masharti sita, na lazima yatimie yote kwa pamoja. Awe ameajiriwa mahsusi kupigana katika vita husika. Awe kweli anashiriki mapigano moja kwa moja. Asukumwe hasa na tamaa ya faida, huku ameahidiwa malipo yanayozidi sana yale ya askari wa cheo kama chake. Asiwe raia wa upande wowote wa vita wala mkazi wa eneo lake. Asiwe ameandikishwa katika jeshi la upande wowote. Na asiwe ametumwa rasmi na nchi nyingine kama mwanajeshi wake.

Masharti haya yana mianya ya kupitisha ng'ombe. Kikosi cha Hoare kiliandikishwa ndani ya jeshi la Kongo, hivyo kwa sharti la tano hata yeye angechomoka. Waromania wa Goma waliripotiwa kulipwa hadi dola 5,000 kwa mwezi, mahali ambapo askari wa Kongo alikuwa akipata kama 100; sharti la malipo limetimia bila ubishi. Lakini ukufunzi si mapigano, na ugomvi wote unabaki kwenye swali la nani hasa alikuwa akifyatua mizinga. Maelfu ya raia wa Uganda waliolinda mageti ya kambi za Marekani nchini Iraq ndio hawakaribii kabisa: walikuwa walinzi, tena wa mshahara mdogo.

Jina hili lina gharama kwa anayebandikwa. Mamluki wa kisheria akikamatwa hana haki ya kuwa mateka wa vita, ingawa bado anastahili kutendewa utu na kushtakiwa kwa haki. Mpishi wa kampuni anayefuatana na jeshi kwa idhini yake anaipata haki hiyo, na huenda wote wawili wameajiriwa na kampuni moja.

Tuwaiteje, basi? Wapo wanaoandika mkandarasi wa kijeshi. Kwa msomaji wa Tanzania huyo ni mtu aliyeshinda zabuni ya kujenga kambi. Kampuni ya ulinzi nayo ni ile inayoweka mlinzi wa usiku benki, mwenye filimbi na kirungu. Mimi nachagua kampuni binafsi ya kijeshi kwa taasisi na askari wa kukodiwa kwa mtu, na mamluki nalibakiza kwa yule ambaye masharti sita yamemkamata. Mhariri anayelitumia kwa hasira atumie, ila ajue kwamba hapo anatoa maoni.

Jina lolote litakalotumika, Hati ya Montreux ya 2008 kuhusu kampuni hizi, ambayo hailazimishi kisheria, inakumbusha kwamba nchi haivui wajibu wake kwa kukodi kampuni. Kwa vitendo, mambo ni mengine. Tarehe 16 Septemba 2007 walinzi wa kampuni ya Kimarekani ya Blackwater waliua Wairaki 17 katika uwanja wa Nisour, Baghdad. Mahakama za Iraq hazikuweza kuwagusa, kwa kuwa amri ya utawala wa ukaliaji ya 2004 iliwakinga. Mamluki hawakuwa: walikuwa Wamarekani, raia wa nchi iliyokuwa vitani. Mahakama ya Washington haikuhitaji neno hilo. Mashtaka ya mauaji yalitosha, na mwaka 2014 wanne wakatiwa hatiani. Desemba 2020 Rais Donald Trump aliwasamehe wote wanne.